Dawati la Wanafunzi Lisilokufa: Mwongozo Kamili kwa Vyuo vya Kati na Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi

Ukipita vyuo vya kati vya Dodoma, kuanzia Mpwapwa hadi Kondoa, hukosi kuona mlango ulioandikwa "Ushauri na Unasihi". Shika kitasa. Mara nyingi umefungwa, na ukichungulia dirishani unaona viti vilivyovunjika na mabunda ya mitihani ya zamani.

Nimekaa miaka tisa kwenye dawati la wanafunzi, yaani mahali chuoni anapopokelewa mwanafunzi mwenye shida. Simu ninazopigiwa na walezi wa vyuo vingine, wanaokaa dawatini kama mimi, zinafanana mno: "Tulifungua dawati Januari, tukatangaza mstarini, kufika Machi hakuna anayekuja. Tumekosea wapi?" Nimejibu swali hilo kwa mdomo mara nyingi kiasi kwamba nimeona niliandike.

Shida za wanafunzi zipo tele. Kinachokosekana ni mtu mmoja anayeibeba shida ya mwanafunzi tangu mlango wa kwanza hadi inapoisha. Karibu kila hatua hapa chini inahusu namna ya kumpata mtu huyo, kumpa nguvu na kumlinda asichoke. Tenga wiki mbili za maandalizi na muhula mmoja wa kazi. Fedha inayohitajika ni ndogo kuliko unavyodhani.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Watu wawili, mwanamke na mwanamume, wenye saa za dawati zilizoandikwa kwenye ratiba rasmi ya chuo.
- Sehemu ya kukaa ambapo mtu anaweza kulia bila kuonekana na darasa zima. Chumba ni bora, lakini kivuli cha mwembe kilicho mbali na njia kinafaa kuliko kona ya ofisi ya walimu.
- Kauntabuku moja ya kwaya mbili, na kabati lenye kufuli.
- Simu ya kitochi yenye laini ya chuo na vocha ya kila mwezi. Wanafunzi watabipu, na dawati lazima lipige.
- Madaftari ya mahudhurio ya mwaka uliopita na ya mwaka huu.
- Barua ya mkuu wa chuo. Maneno yake utayakuta hatua ya tatu.

Sanduku la maoni sikuliweka kwa makusudi. Mwanafunzi anayedaiwa kodi ya gheto haandiki maoni, anataka jibu leo. Kama mnalo tayari liacheni, ila msiliite huduma.

## Hatua ya 1: Wapigie walioondoka

Chukua daftari la mwaka jana. Andika majina ya wote walioanza lakini hawakufanya mtihani wa mwisho. Chagua kumi na tano, uwapigie simu mmoja mmoja.

Usiwaulize "kwa nini uliacha chuo". Swali hilo linawafanya wajitetee, nao watakujibu "ada" ili simu iishe. Uliza hivi: "Siku ya mwisho uliyokuja chuoni, asubuhi ile kulitokea nini?" Kisha nyamaza.

Kijana mmoja wa fani ya umeme, kwao Bahi, sisi tulimwandika mtoro. Aliponisimulia nilinyanyua kalamu nikaiweka tena mezani. Alikuwa amekwenda nyumbani wiki mbili kusaidia mpunga wa mama yake. Aliporudi, mwalimu wa zamu alimwambia alete barua ya mzazi. Akaileta. Akaambiwa apitie kwa mhasibu kwanza. Mhasibu akamwambia anadaiwa, aongee na mkuu wa idara. Mkuu wa idara alikuwa safarini. Kijana akakaa kwenye ngazi za karakana hadi saa tisa, akapanda basi. Kila ofisi ilimjibu kwa mujibu wa taratibu zake, na hakuna aliyemfukuza. Tukampoteza hivyo hivyo.

Ukimaliza simu hizo kumi na tano, utaona sababu hazizidi nne au tano, zinajirudia tu. Hizo ndizo kazi za dawati lako. Usinakili orodha ya huduma kutoka chuo kingine, maana chuo chenye bweni kina shida tofauti na chuo ambacho wanafunzi wake wanatoka Nzuguni au Ihumwa kila asubuhi.

Utajua umefaulu ukiwa na karatasi moja yenye sababu zisizozidi tano, zimeandikwa kwa maneno ya wanafunzi wenyewe.

## Hatua ya 2: Pita njia anayopita mwanafunzi

Chukua sababu iliyojirudia zaidi, kisha tembea na mwanafunzi mmoja mwenye shida hiyo, mlango kwa mlango. Usimsemee neno. Kaa kwenye benchi naye, subiri anavyosubiri, uandike saa.

Nilifanya hivyo kwa mwanafunzi aliyelipa nusu ya ada na kutaka ruhusa ya kufanya mtihani. Tulipita milango sita. Tulitumia siku mbili. Mara tatu aliulizwa swali lile lile: jina, fani, kiasi anachodaiwa. Mara mbili alielezea hali ya nyumbani kwao mbele ya watu wasiohusika, na mara ya pili sauti yake ilikuwa imeshuka sana.

Ukirudi, punguza mlango mmoja. Mmoja tu. Kwetu tulikubaliana kwamba mhasibu atoe orodha ya madeni kila Jumatatu na kuiacha dawatini, mwanafunzi asitumwe tena kwenda kuuliza anadaiwa kiasi gani. Badiliko hilo halikutumia hata shilingi moja, na wenzako wataanza kuliamini dawati kabla halijafunguliwa rasmi.

## Hatua ya 3: Pata barua yenye meno

Hapa ndipo wengi wanaanguka. Wanafungua dawati kwa tangazo la mstarini, bila mamlaka yoyote. Mlezi anasikiliza, anasikitika, anasema "pole mwanangu", kisha anamrudisha mwanafunzi kwenye ofisi zile zile. Mwanafunzi akishapewa pole tupu mara moja harudi, na anawaambia wenzake.

Andika barua mwenyewe, umpelekee mkuu wa chuo aisome na kuisaini. Iwe fupi:

> Kuanzia tarehe ya barua hii, Dawati la Wanafunzi lina ruhusa ya:
> (a) kumrudisha darasani kwa siku 7 mwanafunzi aliyetolewa kwa sababu ya ada, wakati makubaliano ya malipo yanaandaliwa;
> (b) kupata jibu la maandishi kutoka ofisi yoyote ya chuo ndani ya siku 2 za kazi;
> (c) kumpa mwanafunzi ruhusa ya dharura isiyozidi siku 3 bila kusubiri kikao.

Mkuu wa chuo ataogopa kipengele (a). Usibishane naye kwa huruma, mpe hesabu. Mwanafunzi anayebaki darasani ana sababu ya kulipa, na aliyekwenda nyumbani hajaacha njia ya kumdai. Mwonyeshe jedwali la majina ya hatua ya kwanza na jumla ya ada waliyoondoka nayo. Kwetu mkuu alikwenda kwenye jedwali moja kwa moja, akalisoma mara mbili, akaomba kalamu.

Tahadhari: bila barua hii usifungue mlango. Subiri hata mwezi. Dawati lisilo na uwezo linaharibu imani ambayo itakuchukua mwaka kuirudisha.

## Hatua ya 4: Chagua watu, kisha chagua saa

Mwalimu wa nidhamu asikae dawatini, hata awe mpole namna gani. Mwanafunzi hawezi kumweleza siri mtu ambaye Alhamisi iliyopita alimwandikia onyo. Mhasibu naye asikae. Mpishi mkuu wa bwalo au fundi wa karakana anaweza kuwa bora kuliko mwenye shahada ya ualimu, mradi ana kifua cha kutunza siri. Waulize wanafunzi kwa karatasi isiyo na jina: "Ukipata tatizo kubwa, hapa chuoni ungemwambia nani?" Jina litakalojirudia ndilo hilo.

Kuhusu saa: dawati la saa mbili asubuhi hadi saa sita ni dawati la kujifurahisha, kwa sababu wanafunzi wako darasani. La jioni nalo linawakosa wanaowahi daladala. Sisi tulifika kwenye saa 7:30 hadi 9:30 mchana, siku tatu kwa wiki, na Jumamosi asubuhi kwa walio bweni. Wape wenye dawati unafuu wa vipindi. Mtu aliyeongezewa kazi hii juu ya vipindi ishirini na nne atafunga mlango ndani ya mwezi, nawe huna haki ya kumlaumu.

## Hatua ya 5: Daftari la kesi

Piga mistari kwenye kauntabuku. Safu sita zinatosha: namba, tarehe, shida kwa sentensi moja, kilichoahidiwa, nani na lini, kimefanyika au la. Jina la mwanafunzi lisiwe humo. Weka namba ya kesi, na orodha inayounganisha namba na majina ikae kwenye bahasha nyingine ndani ya kabati.

Ingizo likae hivi:

> Na. 14. 3/2. Hajahudhuria siku 4, alimuuguza kaka yake. Ameahidiwa notsi za somo la nyaya na kurudiwa zoezi la karakana. Mimi, kufikia Alhamisi 6/2. Ndiyo, 6/2.

Safu ya "nani na lini" ndiyo roho ya daftari. Usiandike "ofisi ya mhasibu". Andika mtu. Na mara nyingi mtu huyo awe wewe uliye dawatini, hata kama kazi yenyewe itafanywa na mwingine, kwa sababu wewe ndiye utakayekwenda kuifuatilia. Mwanafunzi akitoka ajue jambo moja: nani atamtafuta, na siku gani. Yule kijana wa Bahi angekuwa na jina moja la kushika, asingepanda basi.

Tahadhari: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inavigusa vyuo pia. Habari za afya ya mtu ni taarifa nyeti. Usipige picha ukurasa wa daftari na kuutuma kwenye kundi la WhatsApp la walimu, hata kwa nia njema ya kuomba msaada. Nimeona msichana akihama chuo kwa sababu ya picha moja ya aina hiyo.

## Hatua ya 6: Orodha ya mahali pa kumpeleka

Dawati haliwezi kutibu wala kupeleleza. Linaweza kumfikisha mtu mahali sahihi, na akafika kweli. Kwa hiyo nenda mwenyewe kila mahali unapotaka kuweka kwenye orodha. Uliza wanapokea siku gani, mlango upi, na mtu aje na nini. Karatasi yenye namba za simu ulizookota mtandaoni si orodha ya rufaa.

Kwa Dodoma mjini, anza na hizi:

- Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, inayojulikana zaidi kwa jina la General. Uliza kama kuna Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambapo aliyefanyiwa ukatili anahudumiwa mahali pamoja bila kuzungushwa.
- Hospitali ya Mirembe. Ni hospitali ya taifa ya afya ya akili, nasi tuna bahati ya kuwa nayo hapa hapa mjini. Jina lake limetumika kama tusi mitaani, kwa hiyo usimwambie mwanafunzi "nenda Mirembe". Mwambie, "Kuna daktari ninayetaka uonane naye, nitakusindikiza." Kisha msindikize.
- Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi, kituo kilicho karibu na chuo.
- Ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri, hasa kwa wanafunzi yatima na wenye ulemavu.
- Namba 116, simu ya huduma kwa mtoto. Vyuo vya maendeleo ya wananchi vina wanafunzi wenye umri chini ya miaka 18, na huyo kisheria ni mtoto hata kama ana mtoto mgongoni.

Andika pia mahali pasipofaa, ili usimpotezee mwanafunzi nauli. Bodi ya Mikopo ilianza kuwakopesha wanafunzi wa stashahada mwaka 2023/2024, tena kwa fani za kipaumbele tu, hivyo usimwambie wa cheti cha ufundi stadi "kaombe mkopo bodi". Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri (4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu) kwa kawaida ni ya vikundi vyenye shughuli za uzalishaji. Utaje mkopo huo kwa wanaokaribia kuhitimu na kutaka kufungua karakana ya pamoja. Kwa ada haufai.

Kwa aliyebakwa, muda ni kila kitu. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na kadiri inavyowahi ndivyo bora. Asioge, asifue. Nguo alizovaa zifungwe kwenye karatasi au khanga, zisiwekwe kwenye mfuko wa plastiki. Hospitali kwanza, maswali ya chuo baadaye. Usimwite mtuhumiwa "kusikiliza pande zote", kwa sababu ukifanya hivyo umeharibu kesi na umemweka msichana hatarini.

## Hatua ya 7: Kila Ijumaa, soma mahudhurio

Kama una nguvu za kufanya hatua moja tu ya mwongozo huu, fanya hii. Dawati linalosubiri watu waje linawapata wajasiri. Walio katika hali mbaya zaidi hawaji, wanapungua kidogo kidogo. Leo kipindi cha mwisho, kesho siku nzima, wiki ijayo haonekani.

Kila Ijumaa saa 8:00 mchana kusanya madaftari ya mahudhurio. Yeyote aliyekosa siku tatu mfululizo, au Jumatatu mbili zilizofuatana, anapigiwa simu kabla hujatoka ofisini. Jumatatu nimeziweka kwa sababu: mwanafunzi anayekwenda nyumbani mwisho wa wiki na kukawia kurudi kwa kawaida amekwama nauli au chakula, nawe unaweza kumsaidia wakati bado ni jambo dogo.

Mpigie mwanafunzi kwanza. Asipopatikana, mpigie mzazi au mlezi, lakini uangalie maneno. Simu kutoka chuoni inaogopesha. Kwa bibi wa Chamwino au Mvumi, salimia kwa Kigogo hata kama ndicho pekee unachokijua:

"Mbukwenyi bibi. Mimi ni mwalimu wa chuoni anakosoma mjukuu wako. Hatujamwona tangu Jumanne, tukasema tumjulie hali. Hana kosa lolote, wala sipigi kwa ajili ya deni. Yuko salama?"

Sentensi ya "hana kosa" isisahaulike. Bila hiyo, bibi atamtetea mjukuu kwa kusema yuko njiani anakuja, na wewe utaandika "anarudi" wakati yuko Dar es Salaam anatafuta kibarua.

Utajua umefaulu wiki ya nne hivi, pale mwanafunzi atakapoanza kukupigia yeye: "Mwalimu, kesho sitakuja, nisije nikakutia wasiwasi." Ya kwanza ya namna hiyo niliipokea nikiwa sokoni Majengo na kikapu mkononi, nikasimama katikati ya watu.

## Hatua ya 8: Makubaliano ya ada yafuate mavuno

Vyuo vingi vinagawa ada kwa awamu mbili sawa, mwanzo wa muhula na katikati yake. Mpango huo unawafaa watoto wa wenye mishahara. Familia nyingi za huku kwetu zinapata fedha kwa msimu.

Januari, wanafunzi wanaporipoti, ndio mwezi mbaya. Mvua imeanza, akiba imeingia kwenye mbegu na vibarua vya kulima, na ghala linaelekea chini. Zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, Februari hadi Machi na Agosti hadi Septemba. Alizeti na mtama vinaanza kuleta fedha kuanzia Mei na Juni. Mfugaji ana njia yake: anapeleka mbuzi mnadani Msalato, ila akilazimishwa kuuza wiki ambayo kila mtu anauza, bei inamwangusha.

Kaa na mwanafunzi na mzazi, umwulize mzazi: "Fedha ya nyumbani inaingia mwezi gani?" Jibu lake ndilo ratiba. Tuseme anadaiwa sh. 240,000, na kwao wana shamba dogo la zabibu na la alizeti:

- Mwisho wa Januari: sh. 40,000
- Katikati ya Machi, baada ya zabibu: sh. 80,000
- Mwisho wa Juni, baada ya alizeti: sh. 120,000

Andika nakala tatu: ya mzazi, ya mhasibu, ya dawati. Wote wasaini au waweke dole gumba. Kisha wiki moja kabla ya kila tarehe, dawati limkumbushe mzazi. Siku ya tarehe yenyewe ni kuchelewa. Wakulima hawakatai kulipa. Fedha ya mavuno inaondoka kwa wiki moja, na wewe unataka uwe kwenye foleni kabla ya mwenye duka.

Ikitokea mvua imekata na mavuno hayapo, mkutane upya kabla ya tarehe na mwandike ratiba mpya. Makubaliano yaliyovunjwa kimya kimya yanamfanya mwanafunzi akukwepe kwenye korido.

Tahadhari: dawati lisipokee hata shilingi mia. Malipo yote yapite kwenye namba ya malipo ya chuo, na mwanafunzi abaki na risiti. Mlezi anayeshika fedha za wanafunzi, hata akiwa mwaminifu, siku moja atasingiziwa, na dawati litakufa siku hiyo hiyo.

## Hatua ya 9: Namna ya kumsikiliza aliyekuja

Viti viwili viwe upande mmoja wa meza. Zima simu. Mwanafunzi anakuja na shida ndogo iliyo mbele ya kubwa: "Nimekuja kuulizia ratiba ya sapu." Mjibu ya sapu, yaani mtihani wa marudio, kisha uulize, "Na mengine yanakwendaje?" Hesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kusema neno jingine. Kimya hicho ni kigumu kwa sisi walimu, tumezoea kujaza.

Mwangalie pia kwa macho. Tulikuwa na msichana wa uashi, umri miaka kumi na tisa, aliyekuwa akitoroka karakana kila saa nne asubuhi. Fundi wake alimwona mvivu. Siku aliyoletwa dawatini alikaa amekunja mikono kifuani juu ya ovaroli ya bluu, wala haikunjui, hata nilipompa maji alipokea kwa mkono mmoja. Alipoinuka niliona doa la maziwa limelowesha kitambaa hadi mfukoni. Alikuwa na mtoto wa miezi mitano, amemwacha kwa jirani Chang'ombe, na alikuwa akikimbia kwenda kunyonyesha na kurudi kwa miguu.

Suluhisho lilikuwa mkeka, pazia, na chumba cha stoo kilichofagiliwa vizuri. Jirani akawa anamleta mtoto saa nne na saa saba, na fundi akapanga kazi za vitendo za msichana yule kati ya saa hizo. Wengine watatu wakajitokeza wiki iliyofuata. Walikuwepo muda wote, na hatukuwa tumewaona. Kama chuo chako kina wasichana waliorudi masomoni baada ya kujifungua, anza na mkeka huo kabla ya semina yoyote.

Yule anayesema "naona bora nisiwepo", au anayegawa vitu vyake, muulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo, kunampunguzia mzigo. Akijibu ndiyo, usimwache peke yake hata kwenda chooni, mwondolee vitu vya hatari karibu naye, mpigie mwenzako wa dawati, na mwende wote hospitali siku hiyo hiyo. Usiahidi kutunza siri hiyo. Mwambie wazi kwamba siri zote unatunza isipokuwa zile zinazohatarisha uhai wake au wa mtu mwingine.

## Hatua ya 10: Hesabu tatu kila mwezi

Peleka kwenye kikao cha walimu namba tatu: kesi zilizofunguliwa, zilizofungwa, na zilizozidi siku 14. Hii ya tatu ndiyo ya kujadili. Kesi ikikaa siku 14, mara nyingi kuna ofisi moja imeikalia, na ikisomwa mbele ya kikao inatembea.

Bandika pia kwenye ubao wa matangazo kilichobadilika, bila jina la mtu: "Orodha ya madeni sasa inatoka kila Jumatatu." "Chumba cha kunyonyeshea kiko nyuma ya stoo." Wanafunzi wanaamini wanachokiona kimebadilika.

Usishangae idadi ya kesi ikipanda muhula wa pili. Mkuu wa chuo anaweza kudhani mambo yameharibika. Mwonyeshe pembeni idadi ya waliofika mtihani wa mwisho.

## Hatua ya 11: Makabidhiano

Madawati mengi mazuri niliyoyajua yalikufa kwa barua ya uhamisho. Mlezi anahamishiwa wilaya nyingine, anaondoka Ijumaa, na anayepokea anakabidhiwa ufunguo tu.

Tenga siku tano. Siku ya kwanza na ya pili, mpya akae kiti cha pembeni asikilize, na kila mwanafunzi aombwe ridhaa kabla. Siku ya tatu pitieni kesi zote zilizo wazi, moja moja, na mpya aandike jina lake kwenye safu ya "nani na lini". Siku ya nne mzunguke wote kwenye maeneo ya rufaa, mtu kwa mtu: General, Mirembe, polisi, ustawi wa jamii. Siku ya tano mpigie kila mwanafunzi mwenye kesi wazi, simu iwe kwenye spika: "Mwanangu, mimi nahama. Huyu hapa ni madam atakayeendelea na suala lako, ameshalisoma. Msalimie."

Msikie wakisalimiana, kisha ndipo umpe ufunguo wa kabati.